Kutoka Presha ya Kupanda Hadi Gereza: Mizizi ya Kigiriki na Kilatini Darasani Kwetu

Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia wiki moja kabla ya mtihani wa muhula akiwa na daftari la biolojia na manung'uniko. Katika jaribio lililotangulia alikuwa ameeleza vizuri kabisa kinachotokea sukari inapozidi katika damu, jinsi kongosho linavyotoa homoni yake na jinsi ini linavyoihifadhi sukari ya ziada, lakini juu ya maelezo yote hayo aliweka jina lisilo lake: palipotakiwa "hyperglycaemia" aliandika "hypoglycaemia", na mwalimu akapitisha kalamu nyekundu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. "Mjomba," aliniambia, "haya maneno ni mapacha. Nikiyakariri usiku, asubuhi yameshabadilishana nguo."

Nilimwuliza binti huyo kama anajua bibi yake, ambaye ni mama yangu na ninaishi naye, anaumwa nini. Alijibu kwamba ana presha. Presha ipi? "Ya kupanda." Nikamwambia alete kadi ya kliniki kutoka juu ya kabati asome ugonjwa ulioandikwa, na baada ya kuhangaika kidogo na mwandiko wa daktari akasoma "hypertension", akanyamaza, kisha akacheka peke yake. Kila mtu mtaani anajua kwamba presha ni mbili, ya kupanda na ya kushuka. Ambacho hakuna aliyewahi kumwambia mtoto yule ni kwamba "hyper" na "hypo" ni maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya juu na jingine chini, na kwamba daktari anapoyaandika kwenye kadi hasemi chochote ambacho bibi hakisemi jikoni.

Baada ya hapo tuliusoma upya ukurasa ule wa daftari, na ulikuwa na mengi kuliko nilivyotarajia. Kipande cha mwisho cha lile neno lililomponza kinatokana na "glykys", yaani tamu, na "haima", yaani damu. Ni kipande kilekile cha damu kilichomo katika "haemoglobin" na katika "anaemia", ambayo ni hali ya kukosa damu. Neno "diabetes" kwa Kigiriki ni kitu kinachopitisha, kwa sababu matabibu wa kale waliona maji yakiingia kwa mgonjwa na kutoka bila kukaa, na "mellitus" inayolifuata ni Kilatini, yenye utamu wa asali, kwa sababu ya mkojo. Sisi tumeuita ugonjwa huohuo kisukari na tumefika palepale kwa njia fupi zaidi. "Pancreas" ni nyama tupu, "pan" ikiwa yote na "kreas" ikiwa nyama, kwa kuwa kongosho halina mfupa wala gegedu. Na "insulin" inatokana na "insula", neno la Kilatini la kisiwa, kwa sababu seli zinazoitengeneza zimekaa ndani ya kongosho kama visiwa baharini, visiwa vinavyobeba jina la Paul Langerhans, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1869. Chumba cha pili kutoka hapo, mwalimu wa jiografia anafundisha "peninsula", yaani rasi, ambayo kwa Kilatini ni "karibu kisiwa". Walimu hao wawili wanatumia neno moja kwa watoto walewale, katika siku ileile pengine, na hakuna anayelitaja.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba vipande hivi vya Kigiriki na Kilatini vinapaswa kufundishwa katika shule zetu, lakini vifundishwe ndani ya somo la sayansi lenyewe, kwa Kiswahili, pale neno linapokutwa, na si kama orodha ya kukariri. Na kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili anaingia darasani akiwa tayari na nusu ya ujuzi unaotakiwa, ila hatumwambii kuwa anao.

Tuanze na swali la nani mwenye maneno haya. Kiingereza hakikuzaliwa nayo. Wamisionari waliotumwa kutoka Roma na kufika Kent mwaka 597 walileta Kilatini cha kanisa. William wa Normandy aliposhinda vita vya mwaka 1066 alileta Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikatawala ikulu na mahakamani. Na wasomi wa karne za 15 hadi 17 wakachota wenyewe moja kwa moja kutoka vitabuni. Lakini maneno mengi yanayomtesa mwanafunzi wa sayansi ni machanga zaidi kuliko hayo, na hayakuwahi kutamkwa na Mgiriki yeyote wa kale. Yaliundwa na wanasayansi wa Ulaya, hasa katika karne za 18 na 19, kwa kuunganisha vipande vya lugha ambazo hakuna taifa moja kati yao lililoweza kudai kuwa zake.

Kisa cha Michael Faraday kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, alikulia London na kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hakupata nafasi ya kusomeshwa Kigiriki. Mwaka 1834, alipohitaji majina ya ncha mbili ambazo umeme huingilia na kutokea katika kimiminika, Kiingereza chake cha kuzaliwa hakikumsaidia kitu. Alimwandikia William Whewell, msomi wa Cambridge, akimwomba msaada, naye Whewell akampendekezea "anode" na "cathode". Neno la kwanza limetokana na "ana", juu, na "hodos", njia. La pili limetokana na "kata", chini, na njia ileile. Njia ya kupandia na njia ya kushukia. Mwanafunzi wa kemia anayekariri leo kwamba "anode" ni chanya na "cathode" ni hasi anakariri majina ambayo hata mgunduzi mwenyewe, aliyekuwa Mwingereza kindakindaki, ilimbidi aombe.

Kwa hiyo tunapoona istilahi za sayansi kuwa ndizo mlima mkubwa wa Kiingereza, nadhani tunakosea mlima. Istilahi ndiyo sehemu yenye utaratibu: ukikijua kipande kimoja, unakikuta tena katika maneno mengine kumi kikiwa na kazi ileile. Sehemu isiyo na utaratibu ni yale maneno madogomadogo ya kila siku yanayozizunguka. Mtoto anayeujua mchakato wa usanisinuru kuanzia mwanzo hadi mwisho anaweza kulikosa swali kwa sababu hajui kwamba "account for" ni kutoa sababu ilhali "give an account of" ni kusimulia, na hakuna mzizi wa Kigiriki utakaomwokoa hapo. Huyo anahitaji kusoma Kiingereza kingi, hadithi, magazeti, hata maelezo nyuma ya pakiti ya dawa. Mizizi haichukui nafasi ya kazi hiyo, na yeyote anayeuza kijitabu cha mizizi kama njia ya mkato ya kujua Kiingereza anauza mbuzi kwenye gunia.

Sasa niuendee ule ujuzi ambao mtoto anakuja nao. Mzungumzaji wa Kiswahili hutenganisha maneno vipandevipande tangu kabla hajaota magego. Akisikia kulima, anajua mkulima ni nani, kilimo ni nini na ukulima ni hali gani, na hata neno jipya likija kesho likiwa na "m" mbele na "ji" nyuma, atakisia kwamba ni mtu anayefanya kitu fulani kama mazoea. Zaidi ya hapo, Kiswahili kimempa urithi wa Kiarabu, lugha ambayo maneno yake hujengwa juu ya konsonanti zisizobadilika. Hakimu, hukumu, mahakama na hekima ni ndugu wa tumbo moja. Vivyo hivyo kitabu, katibu, katiba na maktaba. Mwulize mtoto wa darasa la saba kama anaona chochote kinachofanana katika maneno hayo manne ya mwisho na atakuonyesha bila kusita, ingawa hakuna mwalimu aliyemfundisha. Macho yanayoiona "k", "t" na "b" ndani ya katibu na maktaba ndiyo macho yanayohitajika kuiona "graph" ndani ya "geography", "photograph" na "cardiograph".

Kuna tofauti moja tu kubwa, na hiyo inafaa kufundishwa mapema kwa sababu ndiyo inayowapotosha wengi. Maneno yetu ya kuunganisha huanza na kiini na kumalizia na kifafanuzi: kipimajoto ni kipima kwanza, joto baadaye, usanisinuru ni usanisi, kisha nuru. Kigiriki hugeuza. "Thermometer" ni joto kwanza, "thermos", kisha kipimo, "metron". "Photosynthesis" ni nuru kwanza, kisha usanisi, ambao nao ni "syn", pamoja, na "thesis", kuweka. Basi neno la Kigiriki lisomwe kuanzia mkiani. Ukifika mwisho ukakuta "-logy" unajua uko kwenye taaluma, "-itis" uko kwenye uvimbe au mwasho wa kiungo, "-meter" uko kwenye kupima. Halafu unarudi mbele kuuliza taaluma ya nini, uvimbe wa wapi, kupima kitu gani. Nimewahi kuwaonyesha vijana wachache neno kipimajoto na neno "thermometer" yakiwa yameandikwa moja juu ya jingine, kisha nikachora mistari miwili inayopishana katikati. Mchoro ule mmoja ulifanya kazi ambayo maneno yangu ya nusu saa yalikuwa yameshindwa. Na kwa wanaopenda udadisi, darubini nayo imetoka Kiajemi, "dur" ikiwa mbali na "bin" ikiwa kuona, jambo ambalo ndilo lilelile lililosemwa kwa Kigiriki katika "telescope".

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu si sahihi kudhani kwamba Kigiriki na Kilatini ni wageni ambao tumekutana nao kwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha biolojia. Wamo nyumbani kwetu kwa karne nyingi, ila waliingia kwa mlango wa uani. Kalamu tuliipokea kwa Waarabu, nao waliipokea kutoka kwa Wagiriki, ambao waliita "kalamos" ule mwanzi wa kuandikia. Karatasi ni "chartes", neno ambalo Kiingereza kimelifanya "card", "chart" na "charter". Kanuni ni "kanon", ufito mnyoofu wa kupimia. Falsafa ni "philosophia", upendo wa hekima. Almasi ni "adamas", kitu kisichoshindika, na ndiyo chimbuko la "diamond" vilevile, hivyo Mswahili na Mwingereza wanapolitaja jiwe hilo wanatamka neno moja lililosafiri njia mbili. Upande wa Kilatini kuna sabuni, kutoka "sapo". Kuna kasri, kutoka "castrum", kambi ya jeshi, ambayo imejificha pia katika majina ya Manchester na Lancaster. Na kuna sirati, ambayo Waislamu huitaja katika kila swala wanapoomba njia iliyonyooka, na ambayo asili yake inarudishwa kwenye "strata", barabara iliyosakafiwa na Warumi, mama wa neno "street". Wareno nao wakatuachia meza na mvinyo, yote mawili ya Kilatini.

Na wakatuachia gereza. Neno hili limetokana na "igreja", ambalo kwa Kireno ni kanisa, na "igreja" nayo inatokana na "ekklesia" ya Kigiriki, mkutano wa watu walioitwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Wareno walikuwa na makanisa ndani ya ngome zao za pwani, wenyeji wakaliita jengo zima kwa jina la sehemu moja, na ngome hizo zilipogeuzwa mahali pa kufungia watu, jina likageuka nazo. Ngome ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza hadi leo, na Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kama jela kwa miongo kadhaa. Mkutano wa walioitwa umekuwa mkusanyiko wa waliofungwa. Sijui mfano mwingine, katika lugha yoyote ninayoijua, unaoonyesha waziwazi kiasi hiki kwamba asili ya neno na maana ya neno ni vitu viwili, na ndiyo maana ningependa uwe mfano wa kwanza ambao mwalimu anautoa kabla hajaandika mzizi wowote ubaoni.

Kwa sababu mizizi hudanganya, na hudanganya kwa ujasiri. Chukua malaria. Ni Kiitalia, chenye Kilatini ndani yake, na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini kwamba homa ile ilitokana na mvuke wa vinamasi. Alphonse Laveran alikiona kijidudu chenyewe katika damu mwaka 1880, Ronald Ross akamkamata mbu na ushahidi tumboni mwaka 1897, na bado neno linaishtaki hewa. Mbu huyo naye alikuwa ameshapewa jina tangu mwaka 1818, "Anopheles", yaani asiye na faida, miaka karibu 80 kabla ya mtu yeyote kujua ukubwa wa hasara yake. Hapo, angalau, mtoa jina alibahatisha vizuri. Oksijeni ni mfano wa pili. Antoine Lavoisier aliiita hivyo akiwa na maana ya kizaacho asidi, kwa imani kwamba hakuna asidi isiyo nayo, na mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha kwamba asidi hidrokloriki, ileile iliyomo tumboni mwetu, haina chembe ya oksijeni. Haidrojeni, kizaacho maji, ilipata jina la haki. Atomu ni kisichokatika, na mwanafunzi anayeelezwa hivyo katika kipindi cha kwanza atafundishwa namna ya kuikata katika kipindi cha mwisho. Majina ya namna hii ni kumbukumbu za makosa ya watu wenye akili, na mwalimu mzuri anaweza kufundisha historia nzima ya kemia kwa majina mawili tu, lakini mwanafunzi anayedhani kwamba mzizi ndiyo fasili ataandika kwenye mtihani kwamba asidi ni kitu chenye oksijeni.

Udanganyifu wa pili ni wa vipande vinavyofanana sura. "Homo" ya "Homo sapiens" ni mtu kwa Kilatini, na "homo" ya "homogeneous" ni sawa kwa Kigiriki, na hawa wawili hawana hata undugu wa mbali. "Ped" ya "pedal" ni mguu, ya "pediatrics" ni mtoto. Waingereza wanaoandika "paediatrics" wamehifadhi tofauti hiyo kwa herufi moja ambayo Wamarekani wameiona mzigo. Lakini mfano ninaouogopa zaidi uko barabarani. Malori mengi ya mafuta yanayopita kwetu yameandikwa nyuma, kwa herufi kubwa nyekundu, kwamba shehena yake ni "highly inflammable". Mtoto aliyekariri kwamba "in-" ni kukanusha, kama ilivyo katika "invisible" na "incorrect", atasoma pale kwamba mzigo ule hauwaki. Kumbe "in-" hii ni nyingine, ya kuingia ndani, na neno zima linasema kwamba kitu hicho hushika moto upesi. Tunaishi katika nchi ambazo watu wamewahi kukimbilia lori la mafuta lililopinduka wakiwa na ndoo mikononi. Sisemi kwamba walilisoma neno vibaya. Wengi hawakuwa na haja ya kulisoma, walijua ni petroli. Nasema tu kwamba kipande cha herufi mbili kilichofundishwa nusu ni hatari kuliko kisichofundishwa kabisa.

Hii ndiyo sababu sina imani na zile karatasi za tuisheni na picha zinazozunguka kwenye simu zenye kichwa "mizizi 100 ya lazima", safu moja ya vipande na safu moja ya maana, bila neno hata moja linaloonyeshwa likiwa kazini. Mtoto atazikariri kama alivyokariri miji mikuu ya dunia, atazisahau kwa mpangilio uleule, na zile atakazozikumbuka atazitumia kama nyundo. Kipande hukaa kichwani kinapokuja kutatua tatizo lililopo mezani. Binti yule hataisahau "hyper", si kwa sababu nilimfundisha Kigiriki, bali kwa sababu alikuwa amepoteza alama kwa ajili yake na kwa sababu aliikuta kwenye kadi ya bibi yake.

Utaratibu ninaoupendekeza hauhitaji kitabu kipya wala semina. Mwalimu wa biolojia anapoandika istilahi mpya ubaoni, achukue dakika tatu kuipasua kwa mistari, aseme kila kipande kwa Kiswahili, aweke pembeni istilahi ya Kiswahili ikiwa ipo, kisha awaulize wanafunzi ni wapi kwingine wamekutana na kipande kimojawapo. Baada ya hapo aendelee na somo, na asiulize mzizi kwenye mtihani. Anapokutana na kipande kinachodanganya, aseme kwamba kinadanganya. Vipande kama arobaini vitamfikisha mwanafunzi mbali sana katika biolojia na kemia ya sekondari, na vingi kati yake atakuwa amevipata ndani ya mwaka mmoja bila kujua kwamba alikuwa anajifunza kitu cha ziada.

Nimepingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba walimu wenyewe hawakufundishwa mambo haya. Ni kweli, lakini Faraday naye hakufundishwa. Alichofanya ni kuuliza, na leo kamusi nzuri ya Kiingereza hueleza asili ya neno katika mstari mmoja mwishoni mwa kila kidahizo, mstari ambao wengi wetu huuruka. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya umma husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha anavuka kwenda sekondari na kukuta kila kitu kwa Kiingereza, na wapo wanaosema kwamba badala ya kumsaidia aibebe mizizi ya Wagiriki tungeuondoa mzigo wenyewe kwa kumfundisha kwa lugha anayoijua. Mimi ni miongoni mwa wanaosema hivyo. Lakini hata tukifundisha kwa Kiswahili kesho asubuhi, majina ya viumbe yatabaki ya Kilatini kama yalivyo duniani kote tangu Carl Linnaeus aliponyoosha utaratibu huo mwaka 1753 kwa mimea na 1758 kwa wanyama, majina ya dawa hayatabadilika, na hizo istilahi zetu wenyewe, usanisinuru ikiwamo, zimejengwa kwa kutazama jinsi zile za Kigiriki zilivyojengwa. Anayeelewa namna neno "photosynthesis" lilivyoungwa ndiye atakayetuundia istilahi nzuri ya kesho.

Na biashara hii ya kutoa vipande haiendi upande mmoja tu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipoliona fuvu maarufu kule Olduvai, Louis Leakey aliliita "Zinjanthropus": "anthropos" ni mtu kwa Kigiriki, na Zinj ni jina ambalo Waarabu walilitumia kwa pwani yetu, jina lilelile lililomo ndani ya Zanzibar. Wataalamu wamemhamishia kiumbe huyo kwenye jenasi nyingine baadaye, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka 2010 mnyama wa kale aliyepatikana kusini mwa Tanzania, ndugu wa karibu wa dinosaria, aliitwa "Asilisaurus kongwe", asili yetu ikiwa imeungwa na mjusi wa Wagiriki. Mwaka uleule mamba mdogo mwenye meno yanayofanana na ya wanyama wanyonyeshao, aliyechimbuliwa katika bonde la Rukwa, aliitwa "Pakasuchus": paka wetu, mamba wao. Mwaka 2017 ikaja "Shingopana", ambayo haina Kigiriki ndani yake hata herufi.

Nilimwonyesha binti yule la mwisho katika orodha hiyo, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2019 kutoka bonde la mto Mtuka, mkoani Songwe. Jina lake la kisayansi, lililoandikwa kwa mlazo kama sheria inavyotaka na linalotumiwa na wataalamu wa kila taifa, ni "Mnyamawamtuka moyowamkia". Alilisoma mara moja, kwa sauti, bila kukwama, akauliza moyo huo umefikaje mkiani. Nikamweleza kwamba pingili moja ya mkia wake ina umbo la moyo. Kisha akauliza kama wanafunzi wa Ulaya nao hulazimika kulikariri jina hilo, na nilipomjibu kwamba anayesomea mambo hayo hulazimika, aliomba kalamu ili aonyeshe mahali ambapo wangepaswa kulikata.